Ghala Linapokataa Ufunguo wa Kweli

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze habari za sanduku la kuhifadhia nakala lililomo katika chumba chetu cha kompyuta, ambalo muhula huu lilikataa kufunguka kwa muda wa siku nane. Nimekubali kwa furaha, ijapokuwa sehemu yangu katika habari hiyo si ya kujivunia. Naandika kwa sababu mbili. Kwanza, shule nyingi siku hizi zina vyombo vya namna hii, na wanaovitunza aghalabu ni walimu wenye kazi nyingine nyingi, pamoja na wanafunzi kama mimi. Yafaa tujue la kufanya vinapogoma. Pili, mwenzetu mmoja alituhumiwa bure kwa ajili ya hitilafu hiyo, na wengi waliosikia tuhuma hawakusikia mwisho wake.

Kwanza na tueleze vyombo vyenyewe, maana huenda baadhi ya wazazi wetu wanaosoma gazeti hili hawajapata kuviona. Ofisini kuna kompyuta moja iitwayo seva. Ndani yake zimo alama za mitihani yote, orodha ya wanafunzi, hesabu za stoo na barua za shule. Seva hiyo ndiyo pia inayotunza orodha ya majina na maneno ya siri ya watu wote wanaoruhusiwa kutumia kompyuta za shule. Katika chumba cha pili, juu ya rafu, liko sanduku dogo jeusi lenye diski mbili ndani yake. Sanduku hili halina kioo cha kusomea wala vibonye vya kuandikia. Kazi yake ni kuhifadhi tu, na mtu akitaka kulipa amri huna budi kulifikia kwa kutumia kompyuta nyingine. Waya wa mtandao waunganisha vitu viwili hivyo. Kila usiku saa 8, wakati sisi tumelala, programu iliyomo ndani ya seva huamka, hunakili kazi ya mchana kutwa, na kuipeleka nakala hiyo katika sanduku. Hivyo seva ikiungua, ikiibiwa, au diski yake ikifa, shule haipotezi kitu ila kazi ya siku moja.

Lakini sanduku si debe la maji ambalo kila apitaye aweza kutia kikombe chake. Lina mlango, na mlangoni tuseme yuko bawabu. Programu ikifika hubisha hodi, hutaja jina lake, na kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Jina tulilolipa programu yetu ni "mtunzaji". Bawabu akiridhika hufungua. Asiporidhika, usiku ule hakuna nakala. Huko kubisha na kuthibitisha ndiko kulikoharibika.

Mambo yalianza hivi. Ijumaa moja jioni umeme ulikatika, ukarudi siku ya pili mchana. Seva iliwaka salama, lakini sanduku lilipowaka tarehe yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Sababu yake ni ndogo sana. Ndani ya vyombo hivi kuna kibetri cha duara chenye upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3, nacho ndicho kinachoendesha saa ya chombo wakati umeme haupo. Kibetri cha sanduku letu kilikuwa kimekufa kwa uzee. Zamani hatukulijua jambo hilo, kwa sababu sanduku lilipowaka lilikuwa likipokea saa sahihi kutoka katika intaneti. Lakini siku ile intaneti nayo ilikuwa haipatikani.

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa akijiandaa kwenda semina ya juma zima. Akaniita, akasema, "Kijana, liwekee sanduku tarehe na saa kabla sijaondoka." Nikafungua ukurasa wa utawala wa sanduku. Saa ya ukutani ilikuwa saa 8 na dakika 20 mchana. Nilijua kwamba kompyuta huanza kuhesabu saa tangu usiku wa manane, kwa hiyo sikuandika 8:20. Niliandika 14:20, nikajiona hodari kweli kweli. Nikabonyeza, saa ya sanduku ikalingana na ya ukutani, nikaenda zangu kucheza mpira. Juu ya mahali pale nilipoandika palikuwa na mstari mmoja mwingine. Sikuusoma.

Usiku ule nakala haikuingia, wala usiku uliofuata. Jumatatu asubuhi nilikuta taarifa ya programu, yenye kusema kwamba kuingia kumeshindikana na kwamba tuangalie jina na neno la siri. Nikampelekea Mwalimu wa Taaluma, aliyeachiwa ufunguo wa chumba. Yeye si mtu wa kompyuta, akauliza swali ambalo mtu yeyote angaliuliza: "Nani amelibadili neno la siri?" Nami sikuwa na jibu. Zaidi ya hayo, ukurasa wa utawala wa sanduku ulikuwa ukifunguka vizuri kwa neno lake la siri, basi sote tukadhani kwamba sanduku ni zima, na kosa limo katika neno la "mtunzaji".

Ikakumbukwa kwamba Jumamosi jioni kijana mmoja wa kidato cha tatu alionekana peke yake karibu na rafu. Alikuwa na zamu ya kufuta vumbi, naye alisema hivyo. Lakini siku za nyuma aliwahi kutania mbele ya wenzake bwenini kwamba yeye aweza kuingia katika kompyuta yoyote, na utani ule sasa ukageuka ushahidi. Akakatazwa kukanyaga chumba cha kompyuta, akaambiwa amlete mzazi wake Jumanne ya juma la pili. Mama yake anakaa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, na nauli ya kuja na kurudi si kitu cha kuokotwa njiani.

Nami kwa kutaka kusaidia nikazidisha ubaya. Siku ya Jumanne nilikaa mbele ya seva nikaanza kukisia maneno ambayo mwenzetu yule angaliweza kuyaweka. Nilikisia mara 5. Mara ya 6 seva haikutaka hata kunisikiliza, kwa kuwa imepangwa kuifunga akaunti yoyote baada ya makosa 5, ili mwizi asipate nafasi ya kukisia usiku kucha. Basi sasa tulikuwa na hitilafu mbili, moja juu ya nyingine, na ile ya pili niliileta mimi. Na juma lile lile walimu walikuwa wakiingiza alama za mtihani wa ndani wa kidato cha nne, zangu zikiwamo, na nakala hakuna hata moja.

Mwalimu wetu alirudi Jumapili mchana. Tulidhani atakaa mara moja mbele ya kompyuta na kuanza kubonyeza; la, hakugusa kitu. Alichukua daftari akaandika maswali matano. "Bawabu anayekukataa ana sababu yake," alisema, "na aghalabu ameiandika mahali. Kazi yetu ni kumwuliza kwa taratibu, swali moja moja, bila kubadili vitu viwili kwa mara moja." Maswali hayo nitayaeleza hapa, maana yanafaa kwa shule yoyote, na kwa programu na sanduku la namna yoyote.

Swali la kwanza: Je, tumefika mlangoni? Watu wengi hulaumu neno la siri kumbe waya umechomoka. Yapasa kutazama vitaa vidogo penye tundu la waya kama vyawaka. Kisha kutoka katika seva uliite sanduku kwa namba yake ya mtandao, ulisikie likijibu. Halafu uliite kwa jina lake. Likijibu kwa namba na lisijibu kwa jina, basi ujue ile orodha ya kugeuza majina kuwa namba ndiyo yenye kosa; huenda sanduku limehamia namba mpya na orodha ingali na ya zamani. Sanduku letu lilijibu kwa namba na kwa jina.

Swali la pili: Je, twasema lugha moja? Kompyuta zinazotumia Windows hupelekeana mafaili kwa lugha iitwayo SMB, nayo ina toleo la kwanza, la pili na la tatu. Toleo la kwanza ni la zamani na ni dhaifu. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika ufa wa toleo hilo kikaharibu kompyuta katika nchi nyingi, na mwishoni mwa mwaka ule ule kampuni ya Microsoft iliacha kuliweka katika Windows mpya. Basi shule yenye sanduku la kizamani, linalojua toleo la kwanza peke yake, yaweza kubadilisha seva yake leo na kesho ikaona sanduku halisikii tena. Hapo neno la siri halina kosa, na dawa yake ni kuliongezea sanduku programu mpya, au kulistaafisha. Sanduku letu linajua toleo la tatu, kwa hiyo tuliendelea mbele.

Swali la tatu: Je, tunajulikana? Hapa Mwalimu alitufumbua macho. Alituonyesha kwamba kuna orodha mbili za majina. Moja imo ndani ya sanduku lenyewe, na ndiyo yenye jina la mtawala wa sanduku. Ya pili imo katika seva, na humo ndimo alimoandikwa "mtunzaji". Mtawala akiingia, sanduku limetazama orodha yake lenyewe. "Mtunzaji" akibisha, sanduku lategemea uthibitisho wa seva. Kwa hiyo kule kuingia kwa mtawala hakukuthibitisha jambo lolote juu ya "mtunzaji". Hoja yetu ya juma zima ilikuwa imejengwa juu ya mchanga.

Kisha akaiuliza seva neno la siri la "mtunzaji" lilibadilishwa mara ya mwisho lini. Seva huandika tarehe hiyo kwa kila akaunti, na kuisoma ni kazi ya nusu dakika. Tarehe iliyoonekana ilikuwa ya muhula uliopita, siku ambayo Mwalimu mwenyewe aliliweka. Hakuna mtu aliyelibadili tangu hapo. Mwenzetu wa kidato cha tatu alikuwa na shahidi muda wote ule, nasi hatukumwita.

Mwalimu akaendelea kusoma. Akakuta makosa 5 ya neno la siri, yote ya Jumanne, ndani ya dakika 4, kisha akaunti kufungwa. Akainua uso akanitazama. Nikasema, "Ni mimi, Mwalimu. Nilikuwa nakisia." Hakunigombeza. Aliifungua akaunti, akaandika katika daftari kwamba ameifungua, akaijaribu programu tena. Ikakataliwa kama kwanza. Kwa hiyo hitilafu yangu ya Jumanne ilikuwa imeondoka, na ile ya asili ilikuwa ingalipo.

Swali la nne: Je, saa zetu zinapatana? Wengine wetu tulicheka, tukidhani Mwalimu anatania. Lakini alifungua kumbukumbu za sanduku lenyewe, yaani daftari la bawabu, ambalo juma zima hatukulifungua kwa kuwa tulikuwa tukisoma taarifa za programu peke yake. Mle ndani, kwa kila usiku, palikuwa na maneno ya Kiingereza yenye maana hii: tofauti ya saa imezidi kiasi. Programu ilituambia tu kwamba imekataliwa. Sanduku ndilo lililojua sababu.

Hapa sina budi kueleza saa inahusikaje na kuingia mlangoni. Sisi wanafunzi wa bweni twaelewa upesi, kwa sababu tuna vyeti vya ruhusa. Ukitaka kwenda hospitali, Mwalimu wa Zamu hukuandikia cheti chenye jina lako, sahihi yake, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Mlinzi wa lango hamjui kila mwanafunzi, wala hahitaji kumwita Mwalimu kila mara. Hutazama sahihi, hutazama saa, akakuruhusu. Je, kwa nini pawe na saa? Kwa sababu cheti kisichokuwa na saa kikianguka njiani, mwingine aweza kukiokota na kukitumia juma lijalo. Sasa fikirini saa ya mlinzi iwe mbele kwa saa tatu. Utafika na cheti cha kweli, chenye sahihi ya kweli, naye atakuambia kwamba muda wake umekwisha. Wewe si mwongo, na mlinzi naye anafanya wajibu wake.

Utaratibu wa namna hiyo katika kompyuta huitwa Kerberos, kwa jina la yule mbwa mwenye vichwa vingi ambaye katika hadithi za Wayunani hulinda lango la kuzimu. Ulitungwa katika chuo cha MIT huko Marekani, katika mradi ulioitwa Athena, ulioanza mwaka 1983. Toleo lake la tano lilichapishwa mwaka 1993, na Windows imekuwa ikiutumia tangu ile Windows 2000. Uzuri wake ni kwamba neno la siri halisafiri katika waya. Seva humpa "mtunzaji" cheti kilichofumbwa, chenye muda wake, naye hukionyesha kwa sanduku. Lakini ili mwizi asikinase cheti na kukitumia baadaye, sanduku hulinganisha saa. Kwa kawaida tofauti inayovumiliwa ni dakika 5. Ikizidi hapo, mlango haufunguki, hata neno la siri likiwa sahihi herufi kwa herufi.

Basi tukatazama saa ya seva: 16:05. Tukatazama saa ya sanduku: 16:05. Zilikuwa sawasawa! Nilifurahi moyoni, kwa kuwa nilikumbuka ni nani aliyeiweka saa ya sanduku. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Soma mstari ulio juu ya saa." Nikausoma. Katika seva uliandikwa Nairobi, yaani ukanda wa saa za Afrika Mashariki. Katika sanduku uliandikwa Greenwich.

Ndugu wasomaji, kompyuta ina saa mbili. Ndani yake huhesabu saa moja ya dunia nzima, ile ya Greenwich kule Uingereza. Na inapotuonyesha sisi, huongeza au kupunguza kwa kufuata ukanda ulioandikwa. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Sanduku letu lilikuwa limewekwa katika ukanda wa Greenwich tangu lilipofika shuleni. Kwa kuwa lilikuwa likipokea saa kutoka katika intaneti, hesabu yake ya ndani ilikuwa sahihi, na kule kutuonyesha saa 3 nyuma hakukumdhuru mtu. Tulipofungua kumbukumbu za zamani tuliona kweli kwamba nakala za saa 8 usiku zilikuwa zimeandikwa 23:00, yaani saa 5 usiku, na hakuna aliyeshangaa kwa kuwa hakuna aliyesoma. Mimi nilipoandika 14:20, sanduku liliamini kwamba Greenwich ni 14:20, na kumbe kule ilikuwa 11:20. Nililisogeza mbele dakika 180, mahali panapovumiliwa dakika 5. Tena, kwa kuchagua kuandika saa kwa mkono, nilikuwa nimezima ule utaratibu wa kupokea saa kutoka nje, hata intaneti iliporudi siku ya Jumatatu sanduku halikujisahihisha.

Nilisema, "Mwalimu, saa hii niliiweka mimi." Akajibu, "Najua. Mimi ndiye niliyekutuma, nami sikuja kutazama. Twende sote wawili." Tulikwenda nyumbani kwa Mwalimu wa Taaluma jioni ile ile, tukamkuta anakunywa chai. Nilieleza yote, pamoja na kukisia kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na simu, akampigia mama wa mwenzetu kumwambia asije, maana alikuwa apande basi la alfajiri. Kisha akatuma aitwe kijana mwenyewe, akamwomba radhi mbele yetu. Nami nikamwomba. Alisema amesamehe, lakini aliuliza kitu ambacho sijakisahau: "Mbona hukuniuliza mimi kabla ya kukisia?"

Usiku ule tulitengeneza. Ukanda wa sanduku tuliubadili ukawa Nairobi. Kisha Mwalimu aliliagiza sanduku lipokee saa kutoka katika seva yetu wenyewe, na seva ipokee kutoka katika intaneti inapopatikana. Njia ambayo kompyuta hupashana saa huitwa NTP, nayo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1985. Faida ya mpango huu ni kwamba hata intaneti ikikosekana mwezi mzima, seva na sanduku vitapatana, na kupatana huko ndiko bawabu anakotaka. Kibetri nacho kilinunuliwa kikabadilishwa juma lile. Tulipoijaribu programu, ilibisha, ikafunguliwa, na nakala ya siku zote nane ikaanza kuingia.

Tukapiga makofi, Mwalimu akatunyamazisha. "Kuingia si kutoka," alisema. Akachagua faili moja la alama za kidato cha pili, akalirudisha kutoka katika sanduku na kuliweka mahali pengine, akatuambia tulilinganishe na karatasi ya mwalimu wa somo, jina kwa jina. Majina 43 yalilingana. Ndipo aliposema sasa tuna nakala.

Swali la tano, ambalo safari hii halikuwa na kazi, ni hili: Je, tumeruhusiwa? Kujulikana mlangoni na kuruhusiwa chumbani ni mambo mawili. Yawezekana "mtunzaji" akaingia vizuri, kisha akakatazwa kuandika katika kabati fulani, au akakuta sanduku limejaa. Programu nyingine huandika yote hayo kwa maneno yale yale ya kwamba imeshindwa. Kwa hiyo ukiona kuingia kumefaulu na kuandika kumekataliwa, usiguse neno la siri. Kaangalie ruhusa za kabati na nafasi iliyobaki.

Kuna visa vingine vinavyotokea mara kwa mara. Neno la siri likiwekewa muda wa kuisha, siku moja litaisha bila kumwambia programu, kwa kuwa programu haina macho ya kusoma onyo. Mtu akibadilisha neno la siri katika seva, asisahau kulibadilisha pia katika programu, na katika kila kazi ya usiku iliyoliandika, maana kazi itakayosahauliwa itaendelea kubisha kwa neno la zamani. Tena Windows haikubali kwamba kompyuta moja iingie katika sanduku moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Mtu akiwa amefungua sanduku kwa jina lake, "mtunzaji" aweza kukataliwa mpaka yule wa kwanza atoke.

Napenda pia kuonya juu ya njia ya mkato. Katika siku zile nane mmoja wetu alishauri kwamba tulifungue sanduku kwa watu wote, pasiwe na jina wala neno la siri. Nakala zingaliingia, ndiyo. Lakini kirusi kikiingia katika kompyuta yoyote ya wanafunzi kingaliweza kufika katika sanduku na kuharibu nakala pamoja na asili yake. Mwingine alishauri programu itumie jina la mtawala wa seva. Hilo nalo ni baya, maana siri hiyo ikivuja, aliyeipata amepata shule nzima. Mlango unaokataa si adui yetu. Tuliuweka ili ukatae. Yatupasa kujua umekataa nini.

Kwa wazazi na walimu watakaouliza nakala ngapi zatosha, wenye kazi hii wana kanuni rahisi: nakala 3, katika vyombo vya namna 2, na 1 kati ya hizo iwe nje ya jengo. Sisi tulikuwa na mbili tu, tena katika jengo moja. Tangu mwezi huu nakala ya tatu huandikwa kila Ijumaa katika diski ndogo, na Mkuu wa Shule huifungia nyumbani kwake.

Diski ya seva haikufa katika siku zile nane, na alama zetu zote zipo. Hiyo ilikuwa bahati, wala hatukuistahili. Maswali matano yamebandikwa ukutani kando ya rafu, na chini yake Mwalimu ameongeza kwa mkono wake: "Soma daftari la bawabu kabla ya kumtaja mtu." Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, mwanafunzi mmoja husoma taarifa ya usiku, hulinganisha saa na ukanda wa seva na wa sanduku, akatia sahihi. Kazi hiyo amepewa mwenzetu yule wa kidato cha tatu, kwa kuiomba mwenyewe. Mimi namaliza shule mwaka huu, na ninyi mtakaobaki, msaidieni.